Bi. Verlene Stroud, Aliyeziba Lango la Bwana Pinnix

Ijumaa ya tarehe 30 Mei, 1980, Bi. Verlene Stroud atarudisha funguo za basi lake katika karakana ya Idara ya Elimu, Kaunti ya Tolliver, Carolina Kaskazini, baada ya karibu miaka thelathini na moja ya kuwapeleka watoto wa mlimani shuleni na kuwarudisha kwao wazima. Mkuu wa karakana ameniomba niandike wasifu wake kwa ajili ya jarida letu. Amenisihi uwe mfupi, uwe wa heshima, na usimguse mtu. Ufupi nitaujaribu. Heshima ni ya Bi. Verlene na nitampa yote. Hilo la tatu haliwezekani, maana waliopenda wasiguswe wangekaa kando ya njia yake tangu mwanzo.

Nimeambiwa pia kwamba ofisini walikwisha kuandika maneno ya kibao cha kumbukumbu: "Mama mpole mwenye tabasamu." Mimi, Arvil Speight, fundi wa mabasi haya, nimefanya kazi naye karibu muda wote huo. Tabasamu nimeliona. Upole sijui ofisi iliukuta wapi, labda waliandika juu ya mtu mwingine.

Bi. Verlene alizaliwa Sorrel Gap, kule ambako barabara inajikunja kama utumbo wa mbuzi, na Vita vya Pili vya Dunia vilipokwisha akaolewa na Coy Stroud. Coy alikuwa mkulima wa mahindi, na mahindi yake yalifika mjini yakiwa ndani ya chupa. Aliyabeba kwa Ford ya mwaka thelathini na tisa, taa zimezimwa, na Coy akiumwa jino au mgongo, gongo halikungoja apone. Mke wake ndiye aliyeshika usukani. Kaunti nzima ilijua. Askari wa sherifu, mkuu wa polisi wa kaunti, walimkimbiza mara nyingi, na kila mara waliripoti kwamba wamepitwa na "mwanamume asiyejulikana." Mwanamume huyo alikuwa amevaa kofia ya kanisani yenye ua, lakini mtu atarudije kwa mkewe na habari kama hiyo?

Sasa tuje kwa Bwana Thurmond Pinnix. Alikuwa dalali wa mnada wa tumbaku, mwenye sauti ya kuamsha maiti na akili ya kuwarudisha usingizini. Mwaka 1949 alisikia kwamba katika miji mingine watu wanamiminika kutazama magari ya kawaida yakishindana kwenye udongo, yaleyale ya kwendea kanisani na sokoni. Akachukua malisho yake ya ng'ombe kando ya mto, akakodi tingatinga, akachonga njia ambayo yeye aliiita duara. Wengine tuliiona kama yai lililokanyagwa. Akazungushia uzio wa nguzo za mwaloni, mtaro huku, mto kule, na akaacha lango moja tu, jembamba, kwa kuwa alihofia kwamba lango la pili lingepitisha watu wasio na tiketi. Hiyo ndiyo fikra pekee aliyoifikiri hadi mwisho, na ndiyo iliyokuja kumwadhibu.

Mbio zilipangwa Jumamosi moja ya Julai. Coy alikuwa amejiandikisha, lakini wiki ile nyumbu wake alimpiga teke akamvunja mguu. Asubuhi ya mbio Verlene alifika na Ford, Coy kando yake na mguu wa plasta umetokeza dirishani. Akashuka, akaenda kwenye meza ya waandikishaji alikokaa Bwana Pinnix mwenyewe.

"Dada, meza ya keki za kanisa iko kule nyuma," Pinnix alimwambia bila kuinua uso.

"Sina keki. Nina gari."

"Nani anaendesha?"

"Aliyelileta."

Pinnix akacheka, na waliomzunguka wakacheka kwa kuwa yeye amecheka. "Kina mama wana mbio zao wakati wa mapumziko," akasema. "Mnakimbia kwa miguu, yai kwenye kijiko. Mshindi anapewa sufuria."

"Sufuria ninazo."

Hapo akaingilia Garland Hix. Huyu alikuwa mtoto wa muuza magari, kijana mwenye skafu ya hariri shingoni katikati ya joto la Julai, na alikuwa ametangazwa bingwa kabla hajashindana na mtu. "Mwache aingie, Bwana Pinnix," alisema. "Na sisi tunahitaji kitu cha kupita."

Pinnix akaona hapo pana kichekesho cha bure. Akaliandikisha gari namba kumi na saba, akapanda jukwaani, akatangaza kwa kipaza sauti mbele ya umati wote: "Mabibi na mabwana, namba kumi na saba ni Bi. Coy Stroud. Tafadhali msimpigie honi, asije akapotea njia." Naomba msomaji akumbuke kwamba maneno hayo yalitoka kinywani mwake mwenyewe, kwa sauti ileile ya mnada.

Mwandishi wa wasifu huu alikuwa mle ndani, kwenye gari la baba yake, ambaye alidhani limekwenda kununua chumvi ya ng'ombe. Hivyo sielezi ya kusimuliwa. Milango tuliifunga kwa mikanda ya suruali ili isifunguke kwenye kona, wengine wakajifunga kwenye viti kwa kamba za kondoo. Bendera iliposhuka tukaondoka wote kwa pamoja kuelekea kona ya kwanza, na hapo ndipo tulipojua kwamba Pinnix hakuumwagia maji udongo wake. Vumbi jekundu liliinuka likatufunika. Nilimfuata aliyekuwa mbele yangu kwa kunusa moshi wake, kisha nikagundua kwamba mtu huyo alikuwa amekwisha kutoka nje ya njia, nami niko nyuma yake ndani ya mahindi ya jirani. Nilirudi njiani. Rejeta ikachemka, nikasimama pembeni, na tangu hapo niliangalia kama walivyoangalia wengine.

Kwenye kona ya tatu palikuwa na shimo refu lililozidi kuchimbika kila magari yalipopita. Wanaume waliliogopa. Walilikwepa kwa nje, wakateleza kwa ubavu hadi kwenye uzio, wakatukanana. Verlene aliteremsha magurudumu yake ya kushoto ndani ya shimo lile makusudi. Watu wa mlimani wanaijua hila hiyo: mvua ikinyesha na udongo ukawa sabuni, tumbukiza tairi kwenye mtaro, mtaro wenyewe utakushika. Ford ikapinda kama imo kwenye reli, akawapita wawili, kwenye mzunguko uliofuata akampita mwingine. Breki sikumwona akizigusa. Mashabiki waliokuja kumcheka wakaanza kusimama mmoja mmoja.

Mwishoni alibaki Hix mbele, naye Verlene akampita palepale shimoni. Hix, muungwana wa skafu, akaona dawa ni kumgonga kwa nyuma ili amtupe mtoni. Akamgonga. Ford ikayumba, ikajiweka sawa. Boneti ya Hix ndiyo iliyofunguka, ikasimama wima mbele ya kioo, akamaliza mbio kichwa nje ya dirisha kama mbwa anayepelekwa sokoni. Verlene alipita kwenye bendera ya miraba, alama ya mwisho wa mbio, peke yake. Alipokuwa anazimisha gari, Hix alikuwa bado upande wa pili wa yai.

Kila mwenye macho aliona. Bwana Pinnix alikuwa na macho mawili. Akapanda jukwaani, akasafisha koo, akatangaza: "Mshindi wetu, Garland Hix. Namba kumi na saba lilikuwa gari la maonyesho tu." Na Hix, uso mwekundu kwa vumbi na pengine kwa kitu kingine, akapanda akapokea kikombe. Waandishi wa habari wakampiga picha.

Verlene alikwenda hadi chini ya jukwaa. Nilikuwa karibu.

"Bwana Pinnix, umeniona nikipita kwenye bendera?"

"Nimeona gari likipita, dada."

"Ndani yake kulikuwa na nani?"

"Usitake kuwaharibia watu siku yao nzuri," Pinnix alijibu, akamgeuzia mgongo.

Verlene aliwasha Ford, akaondoka polepole kuelekea langoni, na wengi tukadhani anakwenda zake nyumbani kulia, kama ilivyotarajiwa. Alipofika langoni akaligeuza gari likalala mapana, pua inagusa nguzo hii na mkia unagusa nguzo ile. Akazima. Akachomoa ufunguo, akautumbukiza kifuani mwa gauni lake, mahali ambapo hakuna mwanamume wa Kibaptisti ambaye angeufuata mbele za watu. Kisha akapanda juu ya boneti, akakaa.

Nyuma yake foleni ilianza kujipanga. Malori, magari ya familia, mikokoteni ya wachache, wote wanataka kutoka, na jua linashuka. Askari wa sherifu akaja, mmojawapo wa wale waliowahi kupitwa na mwanamume asiyejulikana.

"Verlene, liondoe gari hilo."

"Ni gari la maonyesho, afande," akajibu. "Nalionyesha."

Wakajaribu kulisukuma, lakini liko kwenye gia na magurudumu yamekaza. Wakataka kuliinua, chuma kikawaunguza. Pinnix akaja mbio, akasema atashitaki, akasema atasali, akasema yote mawili kwa pumzi moja. Debe tupu haliachi kuvuma. Verlene alimtazama kama mtu anayetazama mvua ikinyesha shamba la mwingine.

Kisha Coy alikuja kwa magongo yake, akipenya kati ya magari. Watu wakazima injini wasikie.

"Verlene," alisema kwa sauti ya chini, "yametosha. Twende nyumbani."

"Tangulia, Coy. Ukifika uwashe jiko."

Coy akasimama kidogo akimwangalia, akageuka, akapanda lori la rafiki yake. Lori lenyewe lilikuwa kwenye foleni ileile, kwa hiyo hakutangulia popote. Kaunti nzima ikapata la kusema: mume kaaibika. Yalisemwa miaka mingi, hasa na watu ambao wake zao hawakuwahi kuwashindia hata bahati nasibu ya kuku.

Aliyelimaliza jambo lile ni bibi mmoja mfugaji, ambaye lori lake lilikuwa la pili kwenye foleni. Alitoa kichwa dirishani.

"Thurmond," alimwita Pinnix, "ng'ombe wangu hawamjui Garland Hix. Wanajua saa ya kukamuliwa. Sema ulichokiona tuondoke."

Dereva wa nyuma yake akapiga honi. Wa nyuma yake naye. Kufumba na kufumbua uwanja mzima unalia honi, na hawakumpigia Verlene, walimpigia Pinnix. Ukarimu wa binadamu huo: haki ya mwanamke hawakuiona hadi ilipokaa kati yao na chakula cha jioni. Pinnix akapanda jukwaani miguu mizito, akashika kipaza sauti, akanong'ona kitu.

"Huku haijafika," Verlene alisema.

Akarudia kwa sauti ya mnada: mshindi ni namba kumi na saba, Bi. Verlene Stroud. Safari hii alimtaja kwa jina lake mwenyewe. Verlene akashuka, akatoa ufunguo, Ford ikawaka kwa mpigo mmoja, akaondoka. Kikombe hakukiulizia. Gazeti la Jumatatu liliandika kwamba Hix alishinda na kwamba "palitokea msongamano mdogo langoni." Msongamano mdogo. Mwandishi huyo naye alikuwa kwenye foleni, nilimwona akila sandwichi ya soseji kwa hasira.

Nyumbani Coy alikaa kimya wiki nzima. Kisha asubuhi moja, mbele ya bakuli la mkate wa mahindi na maziwa, akauliza: "Ile kona ya tatu, uliingia na gia ya ngapi?" Walizungumza hadi mchana.

Ndani ya foleni ile alikuwemo pia Bwana Lathan Bost, Mkuu wa Elimu wa kaunti, pamoja na mkewe na watoto waliokuwa wanalia njaa. Wengine walikuwa wanalaani. Bost alikuwa anafikiri. Alikuwa na njia ya basi ya Sorrel Gap ambayo kila dereva aliyepewa aliirudisha kabla ya Krismasi. Akaenda kwa akina Stroud, akamkuta Verlene anatundika nguo.

"Bi. Stroud, unaweza kuendesha basi?"

"Lina usukani?"

Ndivyo alivyoajiriwa. Madereva wa karakana hii walisema wataacha kazi wote kwa pamoja. Aliacha mmoja, akarudi baada ya chakula cha mchana.

Kazi yake tangu hapo inaweza kuelezwa kwa ufupi, kwa kuwa jambo kubwa la dereva wa watoto ni yale yasiyotokea. Hakupindua basi. Hakumsahau mtoto. Wavulana wakipigana viti vya nyuma hakupiga kelele, aliimba wimbo wa kanisa kwa sauti yake ile mbaya kabisa hadi wenyewe wakaomba amani. Katika theluji ya Machi 1960 mabasi yetu mengine yalilala mitaroni pamoja na wanaume wao. Lake lilikuwa mtaroni pia, magurudumu mawili, kwa kutaka kwake, likitambaa kupanda mlima mlango hadi mlango. Shule zilipounganishwa, watoto weusi na weupe wakapanda basi moja, madereva kadhaa waliugua mgongo siku moja, ugonjwa wa ajabu ambao daktari hakuuona. Bi. Verlene alichukua njia zao juu ya yake. Mzazi mmoja mweupe alimsimamisha kumuuliza mwanawe atakaa na nani. "Atakaa kwenye kiti," alimjibu, akafunga mlango.

Watoto wa Garland Hix nao walipanda basi lake. Mdogo wao alimwambia siku moja, "Baba anasema ulishinda kwa bahati."

"Mwambie baba," alijibu, "bahati hiyo ndiyo inayokufikisha shule."

Hix leo anauza bima, na akiwa kwa kinyozi bado anaeleza kwamba siku ile aliingiwa na vumbi jichoni. Ni vumbi lenye subira, limekaa miaka thelathini na moja. Uwanja wa Pinnix haukufika mwaka wa pili. Ng'ombe walirudishiwa malisho yao, na inasemekana hawakuona tofauti.

Coy alifariki mwaka 1974. Bi. Verlene alirudi kazini mara baada ya mazishi, na asubuhi hiyo nilimkuta amekaa kwenye basi, injini inanguruma, haondoki. Nilipanda nikakaa kiti cha mbele.

"Siku ile langoni," alianza mwenyewe, "nilikuwa natetemeka, Arvil. Hix aliponigonga niliona mto. Niliuona hivi. Nilipopanda juu ya boneti mikono ilikuwa inacheza, nikaikalia watu wasiione. Ilikuwa inaungua na sikuitoa."

"Hakuna aliyeona," nilimwambia.

"Coy aliona. Ndiyo maana alisema twende nyumbani. Watu wakasema aliona aibu." Akaingiza gia. "Hakuona aibu hata kidogo. Aliiona mikono."

Akaniambia nishuke, watoto wanamngoja, akaenda zake. Natumaini waliosema ya aibu wanalisoma jarida hili. Na kama wamekwisha kufa, waliorithi midomo yao wasome.

Idara imetangaza kwamba kuanzia muhula ujao njia ya Sorrel Gap itagawanywa mara mbili, mabasi mawili, wanaume wawili, "kwa ajili ya ufanisi." Tunawakaribisha vijana hao na tunawaombea.

Bi. Verlene anasema akistaafu atalala hadi jua limfuate kitandani, atapanda maharage, na hataendesha kitu chochote chenye magurudumu, hata toroli. Kwa ajili ya sherehe ya Ijumaa ameomba jambo moja: mtu aje amchukue kwa gari. Ombi hilo limebandikwa karakanani juma zima. Madereva wote wamelisoma, wote wamekumbuka shughuli. Nitamchukua mimi, kwa gari la mke wangu, na nimekwisha kujiandaa kukosolewa kila kona.

Bi. Verlene, asante kwa watoto wetu, maana wangu pia ulinibebea. Tunakutakia afya, usingizi mrefu, udongo mwema wa maharage, na majirani wanaojua kunyamaza.